Hita ya Gari la Zamani Inavuja: Maswali Ninayoulizwa Kila Kipupwe Gerejini Dodoma

Gereji yangu iko Kizota, na magari mengi yanayonijia ni wazee: Land Rover za Series II na III, Peugeot 504, Datsun moja moja, na Toyota za miaka ya sabini ambazo wenyewe wamekataa kabisa kuziuza. Ikifika Juni, upepo wa Dodoma ukianza kukata masikio asubuhi, watu wanaikumbuka hita. Wanafungua koki yake ya maji ya moto iliyolala tangu mwaka jana, na jioni kapeti limelowa. Basi simu zinaanza. Haya hapa ni majibu ninayoyarudia mpaka mke wangu ameyakariri.

Dodoma kuna joto mwaka mzima. Kwa nini nisiitoe tu hita nikaitupa?

Gari ni lako. Lakini jua kwanza unachotupa. Ndani ya hita kuna rejeta ndogo, ndugu kabisa na ile kubwa ya mbele, inayopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Siku geji ya joto inapoanza kupanda, rejeta hii ndogo inaweza kukuokoa. Ukiwa unapanda mlima wa Nyang'oro kwenda Iringa na mzigo, fungua koki ya hita yote, washa feni, shusha vioo. Utaloa jasho kama uko kwenye tanuri, lakini joto linalokuchoma wewe limeondoka kwenye injini. Mimi nimefika Iringa namna hiyo zaidi ya mara moja.

Halafu kuna mvua za Desemba hadi Aprili. Kioo cha mbele kinashika ukungu, unafuta kwa kitambaa huku unaendesha, na lori linakuja. Hita inayofanya kazi inausafisha ukungu huo kwa dakika chache.

Nitajuaje kuwa ni hita inayovuja na si kitu kingine?

Anza na pua. Kulanti, yaani maji ya rejeta yaliyotiwa dawa, ina harufu tamutamu, kama sharubati iliyoungua kidogo. Ukiwasha feni ya hita na harufu hiyo ikakupiga usoni, umeshapata nusu ya jibu. Kisha tazama kioo cha mbele kwa ndani: ukungu wa kulanti haufanani na ukungu wa pumzi. Ukiufuta unabaki utando wa mafutamafuta, unazidi kusambaa kila unaposugua.

Sasa inamisha kichwa chini ya dashibodi. Nunua karatasi ya chooni nyeupe, ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote gerejini. Bana kipande kwenye kila kiungo cha mpira, kwenye koki, na chini ya sanduku la hita. Rangi ya kijani au kutu ikionekana, unajua ilikotokea.

Usikimbilie kulaumu hita kwa kila unyevu, hasa kwenye Land Rover. Gari hili linaingiza mvua kwa milango, kwa vifuniko vya hewa chini ya kioo, hata kwa mahali ambapo hujui kuwa ni mlango. Maji ya mvua hayana harufu, hayatelezi kidoleni, na hayarudi jua likiwaka wiki nzima. Unyevu ulio upande wa dereva karibu na pedali unaweza kuwa mafuta ya klachi au ya breki: yanateleza kuliko kulanti, na yakigusa rangi ya gari yanaibabua. Hayo ni hatari ya haraka zaidi, kwa hiyo ukiyashuku simamisha gari na uyashughulikie kwanza.

Maji yanapungua kila siku lakini kapeti ni kavu kabisa. Hita bado ina kesi?

Inaweza kuwa nayo. Tundu dogo sana hutoa mvuke tu, hewa ya feni inaubeba, na hakuna tone linalofika chini. Lakini kabla ya hapo angalia pampu ya maji: chini yake kuna kitundu kidogo, na pampu ikichoka kinalia machozi hapo na kuacha alama nyeupe au ya kijani. Angalia pia mipira ya rejeta kubwa na kifuniko chake. Moshi mweupe usiokwisha kwenye ekzosi, mapovu kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, hayo ni mambo ya gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Hapo hita haina kosa, na una safari nyingine ndefu zaidi.

Kwa nini ilikuwa nzima miaka yote, imeanza kuvuja siku nilipofungua koki?

Kwa sababu ilikuwa inaoza kimyakimya. Koki ikifungwa, maji yaliyo ndani ya rejeta ndogo hayazunguki. Yanakaa, dawa ya kuzuia kutu inakwisha nguvu, na uchafu unatuama chini. Mpira wa koki nao unakauka kwenye mkao mmoja, ukiuzungusha unapasuka. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wafungue koki ya hita dakika kumi kila mwezi, hata kama ni Oktoba na jua linawaka kama moto wa mkaa.

Na hapa kwetu kuna maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu, yenye chumvi na chokaa. Mtu yeyote aliyechemsha chai hapa ameona birika lake linavyoota ukoko mweupe. Maji hayohayo ndiyo watu wanamimina kwenye rejeta. Mwaka mmoja ilikuja Land Rover ya mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, imenyweshwa maji ya kisima tangu haijulikani lini. Nilipoikata ile rejeta ndogo, nusu ya mirija yake ilikuwa imejaa ukoko mgumu kama saruji. Nilimwonyesha mwenyewe. Akaniambia, "Fundi, mbona hata mimi nayanywa hayo hayo?" Sikuwa na jibu.

Sina mashine ya kupima presha. Naweza kupima vipi?

Nitakueleza njia zote mbili, ya mashine na isiyo na mashine, na nitakusimulia nilivyojidhalilisha.

Mashine yenyewe ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Injini iwe imepoa. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chako. Magari mengi ya zamani yako kati ya psi (kipimo cha presha) 7 na 15. Piga pampu mpaka namba hiyo, usizidishe hata kidogo, maana rejeta yenye miaka arobaini haina utani. Subiri robo saa. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na kwa kuwa injini ni baridi unaweza kupapasa kila kona bila kuungua. Waombe mafundi wakubwa wa mjini. Wengi wanayo na watakuazima kwa maneno mazuri.

Bila mashine, njia ni kuiruka hita. Chomoa mipira yake miwili upande wa injini, kisha unganisha mahali maji yanapotokea na mahali yanaporudi kwa mpira mmoja uliopinda. Jaza maji, endesha siku mbili tatu. Maji yakitulia, hita ndiyo mkosaji. Yakiendelea kupungua, umeokoa siku nzima ya kufungua dashibodi.

Hiyo ndiyo siku niliyoipoteza mimi. Nilikuwa bado kijana, na Peugeot 504 ya mzee mmoja wa Chamwino ilikuwa inalowesha kapeti upande wa abiria. Nikaona nimeshajua. Nikashusha dashibodi yote, nyaya zikaning'inia kama matumbo ya mbuzi, nikatoa rejeta ndogo, nikaitumbukiza kwenye beseni na kuijaza hewa. Haikutoa povu hata moja. Kilichokuwa kinavuja ni klipu ya mpira mahali unapopenya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria: maji yalikuwa yanatambaa juu ya mpira, yanaingia ndani na kudondoka chini ya hita. Kazi ya bisibisi ya dakika mbili. Mzee alikuja jioni, akatazama gari lake lililofunguliwa kifua, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, limekufa?"

Niko njiani na hita inamwaga maji miguuni. Nifanye nini sasa hivi?

Simama. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko wetu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko ndicho kinachoyazuia yasichemke: kila psi moja inaongeza kama nyuzi moja na nusu. Ukikifungua kwa ghafla, maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni pamoja na mvuke.

Ikipoa, funga koki ya hita. Kama koki yenyewe ndiyo inayovuja, au haifungi, iruke hita kama nilivyoeleza juu. Kipande cha mpira wa maji na klipu nne zikae ndani ya gari lako siku zote, pamoja na jeki na spea taili. Wengine wanaziba mipira miwili kwa vijiti vya mti. Nimeona, na gari lilifika. Lakini kwenye injini nyingine maji yanategemea njia ya hita kuzunguka kabla thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, haijafunguka, kwa hiyo kuunganisha ni salama kuliko kuziba.

Yai, manjano, pilipili manga, dawa ya kuziba ya dukani: ipi inafaa kumiminwa kwenye rejeta kuziba tundu?

Yai liache kwa chipsi. Vitu hivi vinaziba, ni kweli, lakini havijui kuchagua tundu. Mirija ya hita ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, kwa hiyo hita ndiyo inayozibwa kwanza, na unabaki na hita isiyovuja kwa sababu haipitishi maji. Nimewahi kutoa rejeta ndogo inayonuka pilau.

Dawa ya dukani ni afadhali kidogo kwa tundu la sindano, ukiwa Manyoni na unataka kufika nyumbani tu. Ukifika, isafishe mfumo wote na utengeneze kwa kweli.

Nataka kuitoa mwenyewe. Nianzie wapi?

Na subira. Gari lipoe kabisa, usiku mzima ikiwezekana. Toa waya wa hasi wa betri, kwa kuwa utakuwa unapapasa karibu na nyaya za feni. Weka koki ya hita upande wa joto ili maji yake nayo yatoke, kisha fungua koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa injini kama ipo. Kinga kulanti kwenye beseni, usiiache itiririke uwanjani.

Sasa mipira, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mpira wa miaka mingi umegandana na bomba la hita, na bomba hilo ni shaba nyembamba iliyolehemiwa kwenye rejeta. Ukiupindisha na kuuvuta kwa nguvu, unang'oa bomba, na tundu moja linageuka mawili. Chukua kisu kikali, upasue mpira kwa urefu, ubandue kama unamenya muhogo. Mpira mpya ni bei ndogo. Kabla hujatoa hita yenyewe, puliza bomba moja kwa pampu ya baiskeli ili maji yaliyobaki yatokee upande wa pili, chini ya boneti, badala ya kumwagikia kapeti.

Baada ya hapo inategemea gari. Kwenye Land Rover ya Series III, sanduku la hita limefungwa upande wa injini wa ule ukuta, hugusi dashibodi kabisa, na ukianza saa mbili asubuhi unaweza kula chakula cha mchana umemaliza. Series II ziko tofauti: hita ilikuwa ya kuongeza kwa hiari, kwa hiyo unaweza kukuta ile ya duara chini ya dashibodi au usikute kitu. Peugeot 504 inataka moyo, hita iko ndani ya dashibodi. Piga picha kwa simu kila hatua, na skrubu za kila sehemu uziweke kwenye kopo lake. Vidude vya plastiki vya miaka ya sabini vinavunjika ukivitazama vibaya. Vipashe joto juani kwanza vilainike.

Na ukishaifikia, tengeneza kila kitu cha huko ndani kwa pamoja: mipira yote miwili, koki, klipu, na sponji linalozunguka rejeta ndogo. Hutataka kurudi huko mwakani.

Ichomewe au ninunue mpya?

Angalia imetengenezwa kwa nini. Za zamani nyingi ni shaba, na shaba inalehemika vizuri. Za alumini, badilisha tu.

Hata shaba usimpelekee mtu wa kuchomea mageti. Lehemu ya bati na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, wakati kuchomea shaba kwa gesi kunapita nyuzi 450. Atafunga tundu moja na kufungua viungo vitano vya jirani. Mtafute fundi rejeta, yule mwenye chuma cha kulehemu na beseni la maji. Aisafishe mpaka shaba ing'ae, alehemu, kisha aitumbukize majini na kuijaza hewa kwa presha ya kifuniko chako, mkiwa mnatazama wote wawili. Povu likitoka, arudie mbele yako.

Kama tundu ni moja, kwenye kiungo, tengeneza. Kama shaba yenyewe imeliwa na unaweza kuitoboa kwa ukucha, usipoteze hela. Ya kubadilisha tafuta Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, nayo hufika kwa basi kesho yake. Mtumie muuzaji picha ya ya zamani ikiwa pembeni ya rula, kwa sababu jina la gari peke yake halitoshi. Ikikosekana ya kwako hasa, fundi rejeta mzuri anaweza kuchukua kiini cha gari lingine chenye ukubwa huo na kukifunga kwenye matanki yako ya pembeni.

Kama haivuji ila imeziba kwa chokaa, yeyusha ndimu ya unga kwenye maji ya uvuguvugu, ijaze, iache nusu saa, kisha suuza kwa maji mengi kwa kinyume cha njia yake ya kawaida. Rudia mpaka yatoke safi. Hii ni kwa shaba tu.

Nijaze nini baada ya kutengeneza?

Kulanti ya kijani ya aina ya zamani, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Kulanti za kisasa za rangi ya machungwa ziache kwa magari ya kisasa. Nyingine hazipatani na lehemu na gasketi za zamani, na ukichanganya na za kijani unaweza kupata uji. Usiseme "huku hakuna barafu." Kulanti hapa tunaitaka kwa sababu inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ibadilishe kila miaka miwili.

Kwa maji, nunua maji ya betri, lakini soma chupa. Dukani maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, chupa zinafanana kama mapacha, na asidi kwenye rejeta ni msiba. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima chochote.

Nimefunga kila kitu vizuri, sasa hita inapuliza baridi na gari linachemsha.

Umefungia hewa ndani. Egesha gari pua ikiwa imeelekea juu, koki ya hita upande wa joto, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi na injini baridi. Jaza polepole sana huku msaidizi anaminyaminya mipira. Kama gari lako lina skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka maji yatoke bila povu. Washa injini, iache ingurume taratibu, ongeza maji yanaposhuka, kisha funga kifuniko kabla hayajachemka. Shika mipira miwili ya hita: yote ikiwa moto, umemaliza. Mmoja moto na mwingine baridi, bado kuna hewa, au mirija imeziba.

Mimi nina Volkswagen Beetle. Nitafute wapi rejeta ndogo?

Hutaipata, kaka. Injini yake inapozwa kwa hewa, na joto la ndani linatoka kwenye mabomba ya ekzosi. Ukinusa moshi hita ikiwa wazi, ifunge, shusha vioo na uje haraka. Moshi huo unaua bila kukuamsha usingizini.

Kulanti niliyoikinga niiweke wapi?

Kwenye dumu lenye kifuniko, limeandikwa, juu ya kabati. Ina ladha tamu, na kiasi kidogo tu kinamuua mbwa. Mtoto hahitaji nyingi pia. Usiitie kwenye chupa ya soda hata kwa dakika tano.

Hita imepona lakini gari bado linanuka.

Kulanti haikauki kama maji, imejificha kwenye sponji chini ya kapeti. Toa kapeti lote, lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza mpaka lisiteleze, na sponji lililolowa sana litupe. Tandaza juani siku mbili. Hapo jua la Dodoma linafanya kazi bure. Kioo futa kwa siki na gazeti. Na kabla hujarudisha kapeti, gonga sakafu kwa bisibisi pale palipokuwa pameloa. Ikilia ngumu, paka rangi. Ikizama, niletee gari.